Daftari langu linasema wachuma chai wamepungua asilimia 65 tangu Machi. Ni msimu au ni mashine?

Mweka_Daftari (Mufindi)

Kamwene wakuu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo wa chai huku Mufindi. Sehemu ya kazi yangu ni daftari la vibarua. Wiki ya mwisho ya kila mwezi, ambayo ndiyo wiki ya malipo, naandika jina la kila mtu aliyechuma kwenye mashamba ya wanachama, kilo zake na hela yake. Mama yangu mzazi amechuma majani tangu sijazaliwa na bado anachuma, kwa hiyo majina yale mengi nayajua hadi sura.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mkutano juu ya mashine za kuchumia. Zimeshaingia mbili kwa wanachama wetu na wengine wanataka kukopa wanunue. Mimi nilisimama nikasema: Machi mwaka huu tulilipa watu 190, Agosti tumelipa 66. Ajira imeanguka asilimia 65 ndani ya miezi mitano, na mashine ndiyo imewafukuza watu. Ukumbi ulinyamaza. Halafu mzee mmoja akaniuliza kwa upole kabisa: "Binti, na mwaka jana Agosti walikuwa wangapi?" Daftari la mwaka jana lilikuwa nyumbani. Sikuwa na jibu, na mkutano ukaahirishwa kwa wiki mbili ili nilete hesabu iliyokamilika.

Nimelifungua. Hii hapa idadi ya watu, mwezi kwa mwezi.

2023: Januari 207, Februari 211, Machi 212, Aprili 204, Mei 171, Juni 118, Julai 84, Agosti 79, Septemba 96, Oktoba 121, Novemba 138, Desemba 181.

2024: Januari 196, Februari 201, Machi 190, Aprili 183, Mei 169, Juni 104, Julai 70, Agosti 66.

Sasa naona kwamba hata mwaka jana, kabla ya mashine yoyote, tulitoka 212 tukafika 79. Hiyo ni asilimia 63. Kwa hiyo nilichosema mkutanoni hakikuwa uongo wa namba, lakini maana niliyoipa haikuwa sawa, na jambo hili linaniuma kwa sababu kuna watu waliondoka pale wakiwa na hasira na wenye mashine.

Nilipoanza kusoma intaneti usiku nikachanganyikiwa zaidi. Marekani, ripoti ya ajira ya Januari 2023 ilipotoka mara ya kwanza ilisema zimeongezeka ajira 517,000. Chini yake kuna jedwali jingine la mwezi uleule linaloonyesha zimepungua kama milioni mbili na nusu! Moja limeandikwa limerekebishwa kwa msimu, jingine halijarekebishwa. Ofisi moja, mwezi mmoja. Nimshike nani?

Naombeni mnieleweshe kwa lugha ya mkulima. Je, daftari ambalo halijarekebishwa linafaa kwa lolote? Na mkutano ukirudi niseme nini?

---

Mpunga_Ubaruku

Dada, mimi niko Ubaruku, Mbarali. Hao watu wako wa Agosti usiwatafute kwenye chai. Kuanzia Mei mpaka Julai huku ni kuvuna mpunga, na wanaoshuka kutoka Iringa na Njombe ni wengi mno. Wanakata, wanapura, wanapeta, wanapakia, wengine wanalipwa kwa gunia. Nyumba za kulala wageni zinajaa, mama lishe anapika sufuria tatu badala ya moja. Januari na Februari wanajaa tena kwa kupandikiza.

Ukihesabu Usangu, bonde letu hili, peke yake Juni utasema nchi imepata neema ya ajira. Ukihesabu Mufindi Juni hiyohiyo utasema balaa limeingia. Na mtu ni yuleyule, amepanda basi tu.

---

Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Nimesoma ujumbe wako mara mbili. Nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye shamba kubwa la chai miaka 22, na baada ya hapo nilishawahi kwenda nyumba kwa nyumba kama mdadisi wa utafiti wa kaya. Kwa hiyo nitakujibu kama mtu aliyeshika kalamu hiyohiyo unayoshika wewe.

Kwanza usione aibu kwa daftari lako. Ni daftari zuri. Wengi wanaoandika habari za ajira hawana hata robo ya hicho ulicho nacho.

Chai ya Mufindi inafuata maji. Mvua zikianza Novemba, jani linaanza kuamka. Desemba mpaka Aprili linakimbia, mchumaji akimaliza mstari anageuka nyuma anakuta lile la kwanza limeshafika. Kipupwe kikiingia Juni, baridi na ukavu vinalifunga jani, na shamba lililokuwa linachumwa kila wiki linakaa wiki tatu au zaidi. Hakuna aliyefukuzwa. Hakuna cha kuchuma. Namba yako ya Agosti ingeshuka hata kama hakuna mashine duniani, na hiyo ndiyo sehemu inayoitwa msimu: kitu kinachorudi mwezi uleule kila mwaka, kwa kiasi kinachokaribiana.

Sasa njia ya kwanza, ambayo huyo mzee tayari alikuwa nayo kichwani. Usilinganishe Agosti na Machi. Linganisha Agosti na Agosti. 79 mwaka jana, 66 mwaka huu: wamepungua 13, kama asilimia 16. Aprili kwa Aprili, 204 na 183: wamepungua 21, asilimia 10. Hapo msimu umejiondoa wenyewe, maana miezi yote miwili ni ya kipupwe, au yote miwili ni ya kifuku, yaani ya mvua. Tena njia hii unaijua siku nyingi. Redioni wakitangaza mfumuko wa bei wanasema "wa mwaka ulioishia mwezi Agosti". Maana yake wamelinganisha Agosti na Agosti ya mwaka uliotangulia, ili bei ya mahindi wakati wa mavuno isiwadanganye.

Njia ya pili ndiyo hiyo ya kwenye jedwali la Marekani, na nitakufanyia kwa namba zako uone haina uchawi. Jumlisha miezi yote ya 2023, unapata 1,822. Gawa kwa 12, wastani ni kama 152. Agosti 2023 ilikuwa 79, yaani 0.52 ya wastani. Machi ilikuwa 212, yaani kama 1.4 ya wastani. Hivyo ndivyo vipimo vya msimu. Sasa chukua kila mwezi wa 2024 uugawe kwa kipimo cha mwezi wake. Nimekaa na kalamu mezani nimepata hivi: Januari 144, Februari 145, Machi 136, Aprili 136, Mei 150, Juni 134, Julai 127, Agosti 127. Hizo ndizo namba zilizorekebishwa kwa msimu.

Tazama huo mstari. Mteremko wa kutisha wa 190 kwenda 66 umetoweka. Umebaki mteremko mwingine, mdogo, wa kweli: kutoka 152 ya mwaka jana, ukashuka 144, ukashuka 136, ukafika 127. Huo ndio unaopaswa kuuliza maswali. Kwa hiyo hukukosea kuhisi kwamba kuna kitu kimebadilika, ila ulikipima kwa fimbo yenye kipupwe ndani yake.

Mei imekaa vibaya, 150. Nadhani unajua sababu kuliko mimi.

Nina la kukutahadharisha hapa. Vipimo hivi nimevitoa kwenye mwaka mmoja tu. Kama 2023 yenyewe ilikuwa na kituko chake, kituko hicho nimekigeuza kuwa sheria. Ofisi za takwimu hutumia miaka mingi. Programu zao kwa data za miezi zinadai isiyopungua mitatu kamili, na mitano au zaidi ndiyo inayoaminika. Tafuta daftari la 2022 kama lipo. Litafute kweli.

Na la mwisho, hili naomba ulisikie vizuri. Hiyo 127 ya Agosti si watu. Hakuna watu 127 waliopanga foleni kwenye banda la malipo Agosti. Waliopanga foleni ni 66. Wenye duka la kijijini waliwauzia sabuni na chumvi hao 66, si wale 127. Ukitaka kujua kama uchumi wa chai unakwenda mbele au nyuma, tumia namba iliyorekebishwa. Ukitaka kujua ni nyumba ngapi zilipata hela ya unga Agosti, tumia ghafi, yaani ile isiyorekebishwa. Nimeona watu wakubwa wakisema ajira ni shwari kwa sababu mstari uliorekebishwa hauteremki, wakati kijiji kizima kinakula mlo mmoja kwa miezi miwili kama kila mwaka. Njaa kurudi kila mwaka hakuifanyi isiwe njaa. Namba isiyorekebishwa ndiyo pekee inayoionyesha.

---

Mwalimu_Ipogolo

Mama Karani ameshamaliza nusu ya kazi, mimi niongezee kwenye lile swali la Marekani.

Katibu, majedwali yote mawili ni ya kweli. Kule Januari ndiyo mwezi wao wa kupunguza watu: maduka na mabohari yaliajiri kwa ajili ya Krismasi, wanaachiliwa, ujenzi unasimama kwa baridi na theluji. Kwa kawaida ajira ghafi za Januari zinapungua karibu milioni tatu. Januari 2023 zilipungua kama milioni mbili na nusu tu. Yaani anguko lilikuwa dogo kuliko lililozoeleka, na ile tofauti ya nusu milioni ndiyo ikaandikwa kuwa ongezeko la 517,000. Ukisikia ajira zimeongezeka Januari Marekani, mara nyingi tafsiri yake ni kwamba wameachishwa wachache kuliko desturi.

Kazi hii ilikuwa ikifanywa kwa mkono na kwa jicho mpaka miaka ya 1950, ambapo Julius Shiskin wa ofisi ya sensa ya Marekani alianza kuifanya kwa kompyuta. Mwaka 1965 ikaja njia iliyoitwa X-11, na inayotumika sasa, X-13ARIMA-SEATS, ni mjukuu wake. Ndani yake kuna wazo lilelile alilolifanya Mama kwa kalamu, pamoja na uangalifu mwingi zaidi, kwa mfano kuruhusu msimu wenyewe ubadilike polepole mwaka hadi mwaka.

Lakini mfano unaotufaa zaidi uko karibu. Afrika Kusini hutangaza ukosefu wa ajira kila robo mwaka, na kiwango wanachokitangaza hakijarekebishwa kwa msimu. Robo ya nne ya 2023 kilikuwa asilimia 32.1. Robo ya kwanza ya 2024 kikawa 32.9. Anayesoma haraka anasema hali imeharibika. Sasa angalia robo ya kwanza ya 2023: 32.9. Ileile. Mwaka kwa mwaka hakijasogea. Robo ya kwanza kule ni ya watu kutoka kwenye vibarua vya sikukuu na vijana kumaliza shule na kuanza kutafuta kazi. Darasani kwangu huwa naandika namba hizo tatu ubaoni, nafuta ile ya katikati, naandika tena, na wanafunzi wanabishana dakika arobaini.

Kasoro ya kulinganisha mwaka kwa mwaka ni kuchelewa. Tuseme kitu kilivunjika Januari na baada ya hapo hakijabadilika. Agosti bado utakuta pungufu ileile, na utadhani kimevunjika Agosti. Kwa hiyo usiishie kwenye mwezi mmoja. Panga tofauti za miezi yote uone zilianzia wapi: −11, −10, −22, −21, −2, −14, −14, −13.

Sisi hapa nchini hatuna namba ya ajira ya kila mwezi ya kubishania. Tafiti kubwa za nguvukazi zimekuwa zikifanyika kwa vipindi, 2006, 2014, kisha 2020/21. Ndiyo maana daftari la kijiji lina thamani kuliko unavyodhani.

---

Mweka_Daftari (Mufindi)

Mama Karani na Mwalimu, asanteni sana. Nimekaa na zile 144, 145, 136 mpaka usiku. Ni mara ya kwanza naliona daftari langu likisema kitu ambacho sikukiandika.

Mei naijua. Mwaka huu mvua zilichelewa kukatika kwetu, ule mwaka wa El Niño. Mwishoni mwa Mei tulikuwa bado tunachuma kwenye tope, na kilo za Mei kwenye daftari ni nyingi kuliko za mwaka jana. Kwa hiyo watu waliitwa.

Maswali mawili. Kwanza, naweza kuchukua vipimo hivi nikawapa wenzetu wa Rungwe? Kuna kikundi Tukuyu wameniomba. Pili, kuna mama mmoja kwenye orodha yangu ya Machi, Agosti hayumo, lakini namwona kila siku yuko kinyunguni, bustani ya bondeni, analima maharage na mboga. Mimi namhesabu hana kazi. Yeye akinisikia atanishangaa.

---

Tukuyu_Kwa_Mvua

Ugonile dada. Usitupe vipimo vyenu, vitatupoteza. Huku Rungwe mvua haikatiki kama kwenu, kipupwe chetu kina manyunyu na ukungu, na sehemu kavu hasa ni Agosti mpaka Oktoba. Jani linapungua ndiyo, lakini si kufungwa kabisa kama Mufindi. Tukigawa Agosti yetu kwa 0.52 tutajipa watu ambao hatujawahi kuwa nao. Halafu huku mchumaji huyohuyo ana ndizi, ana parachichi, akitoka chai anaingia kwenye kuvuna parachichi. Kila mlima na daftari lake.

---

Karani_Mstaafu

Tukuyu amejibu la kwanza, sina la kuongeza.

La pili ndilo lililonitoa jasho nilipokuwa mdadisi. Swali la fomu halimuulizi mtu "una kazi?" Lingekuwa hivyo, kila mama wa huku angejibu "mimi mkulima" na mambo yakaisha. Linauliza: ndani ya siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote kwa malipo au faida, walau kwa saa moja? Saa moja, mwanangu. Aliyechuma asubuhi moja tu Agosti na aliyechuma siku sita wote ni "ameajiriwa".

Huyo mama wa kinyungu: kama mboga anauza mnadani Mafinga, ana kazi, ya kwake mwenyewe. Kama analima wale nyumbani, kwa kanuni iliyopitishwa 2013 kwenye mkutano wa 19 wa kimataifa wa wanatakwimu za kazi, anafanya kazi lakini hahesabiwi kwenye ajira. Na ili aitwe asiye na ajira lazima pia awe anatafuta kazi na yuko tayari kuianza. Yeye hatafuti. Anajua chai itaamka Novemba, kwa nini atembee kuomba? Basi fomu inamweka nje ya mlango kabisa: hayumo kwenye ajira, hayumo kwenye ukosefu wa ajira. Nilikuwa naandika hivyo na mkono unasita, kwa sababu mbele yangu alikuwa amesimama mtu mwenye jembe na udongo mpaka magotini.

Kwa hiyo kwenye mkutano usiseme "wasio na kazi". Sema "tuliowalipa" na "ambao hatukuwalipa". Hicho ndicho daftari lako linakijua.

Sasa niulize mimi. Umesema unahesabu wiki ya mwisho ya mwezi. Machi mwaka huu Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29 na Pasaka tarehe 31. Mwaka jana Pasaka ilikuwa Aprili 9. Kwa hiyo Machi yako ya 2024 ina sikukuu ndani yake na Machi ya 2023 haina. Marekani wanapohoji kaya hutumia wiki yenye tarehe 12, na faida yake mojawapo ni kukwepa vurugu za mwisho wa mwezi. Je, Machi umehesabu watu waliochuma wiki ile tu, au wote waliolipwa kwa mwezi?

---

Mweka_Daftari (Mufindi)

Mama, nimerudi kuangalia. Naandika jina la yeyote aliyechuma wiki ya malipo, hata siku moja. Wiki ile ya Pasaka walichuma Jumatatu hadi Alhamisi, kwa hiyo majina hayakupotea sana, zilipotea siku na kilo. Na Aprili, ambayo haina Pasaka, imeshuka kwa 21 vilevile. Kwa hiyo sidhani Machi imedanganya, ila kuanzia mwezi huu naongeza safu ya siku alizochuma kila mtu. Sijui kwa nini sikuwahi kuwa nayo.

Na nimelipata daftari la 2022! Lilikuwa kwa katibu aliyenitangulia, kwenye sanduku chini ya kitanda, kurasa za mwanzo zimeloa hazisomeki. Zinazosomeka ni hizi: Agosti 83, Oktoba 124, Novemba 141, Desemba 184.

Agosti: 83, kisha 79, kisha 66. Oktoba 124 kwa 121. Novemba 141 kwa 138. Desemba 184 kwa 181. Yaani mwishoni mwa 2023 tofauti ilikuwa watu watatu tu. Halafu Januari 2024 kumi na mmoja. Halafu Machi ishirini na wawili.

Mashine ya kwanza iliingia wiki ya pili ya Januari. Ya pili ilifika Machi mwanzoni. Mikono inanitetemeka kuandika hivi.

---

Mwalimu_Ipogolo

Pumua kwanza, katibu. Hilo ni jambo zito na umelipata kwa haki. Lakini kuna mengine pia yaliyoanza kipindi hichohicho. Huko kwenu na Njombe watu wameingia kwenye parachichi kwa wingi, na mashimo ya miche huchimbwa na miche hupandwa mvua zinapokolea, ambayo ni Desemba hadi Februari. Upandaji wa misitu Sao Hill nao huchukua vibarua miezi hiyo. Mtu anaweza kuwa ameiacha chai kwa hiari kwa sababu kuchimba mashimo kunalipa zaidi. Kwenye namba, aliyeondolewa na mashine na aliyeondoka mwenyewe wanafanana kabisa.

---

Karani_Mstaafu

Mwalimu ana haki. Na hapa ndipo daftari lako linaizidi ofisi yoyote yenye kompyuta. Mstari uliorekebishwa hauna majina. Lako lina majina. Chukua ukurasa wa Januari 2023 na wa Januari 2024 uviweke sambamba. Waliopo wa kwanza na hawapo wa pili, waandike pembeni. Wengine watakuwa wapya wameingia, kwa hiyo waliotoka watazidi kumi na mmoja. Nenda ukawaulize. Usiwaulize kama mashine iliwafukuza, utakuwa umewawekea jibu mdomoni. Waulize: Januari hii ulikuwa unafanya nini?

---

Mweka_Daftari (Mufindi)

Nimefanya. Waliokuwepo Januari 2023 na hawakuwepo Januari 2024 ni 29. Wapya ni 18. Sikuwa najua kama watu wanaingia na kutoka namna hiyo, kwa macho naona ni walewale.

Leo baada ya ibada nimewafikia tisa, mama ameniongoza kwa wawili wanaoishi bondeni. Wanne wako kwenye parachichi, na wawili kati yao wamesema hawarudi kwenye chai hata wakiitwa. Mmoja alijifungua Desemba. Mmoja amehamia Makambako kwa mwanawe. Watatu walikuwa wakichuma kwenye mashamba yale mawili yenye mashine. Mmoja wa hao watatu ni mama wa kinyungu niliyemtaja. Kumbe Machi nilipomwandika alikuwa amechuma siku moja tu, shamba la jirani, kumshikia mwenzake aliyeumwa. Januari alikwenda asubuhi na kikapu chake kama kawaida, akakuta vijana wawili wameshika mashine, akasimama kidogo ukingoni, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemwambia chochote.

Wamebaki ishirini. Nina siku sita kabla ya mkutano. Mwenye mashine mmoja nimempigia simu nikamweleza ninachofanya, amesema atakuja na daftari lake la gharama tuyaweke mezani pamoja.

Mama Karani, nikishapata ishirini hao nitaandika hapa.

---

Karani_Mstaafu

Nasubiri mwanangu. Nenda na mwavuli, Septemba ya huko inageuka ghafla.